Kadi ya Mpakani na Mkono wa Mzee

Mwezi Desemba 1937, mwanamke mmoja wa Omogo, hapa West Nile, alishikwa na homa. Alikuwa na miaka 37. Watafiti waliomtoa damu walikuwa wakisaka homa ya manjano. Walitoka katika taasisi ambayo Wakfu wa Rockefeller ulikuwa umeianzisha Entebbe mwaka mmoja nyuma, ile ambayo leo inaitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Damu ikapelekwa maabara, panya wakadungwa, na virusi vilivyojitokeza havikuwa vile vilivyotafutwa. Vilikuwa vigeni kabisa, vikapewa jina la wilaya yetu. Miaka 62 baadaye, kiangazi cha 1999, virusi hivyohivyo vya West Nile vilizuka jijini New York. Watu 62 waliugua vibaya na 7 walikufa, na waliozidiwa wengi walikuwa wazee. Mbu wanaoeneza virusi hivyo hawakuchagua wazee. Waliwauma watu wa rika zote, na wengi wao hawakuhisi chochote au walipata homa ya siku chache ikapita. Kwa jumla, aliyeambukizwa ana nafasi kama moja katika 150 ya kufikwa na ugonjwa wa ubongo na neva. Akipita miaka 60, nafasi hiyo inakaribia moja katika 50. Mpaka leo farasi wana chanjo ya ugonjwa huo, binadamu hatuna.

Nimeanza na virusi visivyo na chanjo ili tuone jambo moja kabla hatujazungumza habari za sindano: miaka ya mtu ni sehemu ya ugonjwa. Mbu yuleyule na virusi vilevile humtoka kijana kwa jasho la usiku mmoja na kumlaza bibi yake wodini. Na kama umri unabadili ugonjwa, unabadili chanjo pia. Kinga ya mwili huzeeka kama magoti yanavyozeeka. Chanjo zilizotengenezwa kwa virusi vilivyouawa huenda zikaacha kinga hafifu kwa mzee kuliko kwa mjukuu wake, na chanjo chache zilizotengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa huenda zikamlemea. Mzee anayesafiri ana hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo ndiyo mada ya mhadhara huu.

Wazee wa hapa kwetu Manibe, Arua, husafiri kuliko tunavyokiri. Wapo wanaopita Vurra kwenda Aru na Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kwenye soko, kwenye msiba, kwa shemeji. Wapo wanaopanda Koboko, wakavuka Oraba hadi Kaya, Sudan Kusini. Wengine hushika barabara ya Pakwach na Karuma hadi Kampala, kisha Entebbe, na kutoka hapo ni Jeddah kwa Hija, au India kwa matibabu, au London na Toronto kumwona mjukuu aliyezaliwa. Safari hizi za ndege huwa na mpangilio unaofanana. Mtoto aliye ng'ambo ananunua tiketi, viza inaombwa, koti linatafutwa, na wiki ya mwisho kabisa mtu anakumbuka: mzee ana kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo? Hapo ndipo mbio zinapoanza, na ndipo makosa yanapofanyika. Hoja yangu ni kwamba kadi na sindano ni vitu viwili. Kadi ni ya mpaka, sindano ni ya mwili. Kwa kijana wa miaka 25 vitu hivi huenda pamoja kama pacha, hana haja ya kuvitofautisha. Kwa mtu wa miaka 70 huanza kuachana njia, na anayepanga safari yake kwa kuifuata kadi peke yake anaweza kuumia kwa kuchomwa sindano asiyoistahili, au kwa kukosa ile aliyoihitaji kwa sababu hakuna afisa aliyeiuliza.

Tuichukue homa ya manjano, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Chanjo yake inaitwa 17D, na ilitangazwa mwaka uleule wa 1937 na Max Theiler na wenzake, kazi iliyompatia Theiler Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Virusi vilivyomo vinatokana na damu ya Mwafrika mmoja, Asibi, aliyeugua Gold Coast mwaka 1927 akapona. Vilidhoofishwa kwa kupitishwa mara nyingi katika vipande vya panya na vijusi vya kuku, lakini havikuuawa. Ndiyo maana sindano moja inatosha: mwili unapigana na adui aliye hai ingawa amelegea, nao haumsahau. Ndani ya siku 30 karibu kila aliyechanjwa ana kinga. Zaidi ya dozi milioni 600 zimetolewa duniani, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake chanjo hii ilihesabiwa kuwa salama kupita karibu zote. Ni mwaka 2001 ndipo jarida la Lancet lilipochapisha habari za watu wachache ambao, siku chache baada ya kuchanjwa, virusi vya chanjo vyenyewe viliwaingia ini, figo na mapafu, ikawa kana kwamba wameugua homa ya manjano. Madaktari walipopanga taarifa za namna hiyo kwa umri, ngazi ilionekana wazi. Kwa watu wote kwa jumla, madhara haya humpata pungufu ya mtu mmoja katika kila laki moja. Kati ya miaka 60 na 69 ni kama mmoja katika laki. Kuanzia 70 ni kama wawili au watatu. Karibu nusu ya wanaopatwa hufariki. Madhara ya ubongo na neva nayo huongezeka kadiri umri unavyopanda.

Hesabu hii inaeleza jambo ambalo liliwachanganya watu wengi. Uganda iliingiza chanjo ya homa ya manjano katika ratiba ya watoto mwaka 2022, kisha ikafanya kampeni ya taifa iliyowachanja watu bure mashuleni, hospitalini na kwenye ofisi za serikali za mitaa. Hadi mwisho wa Aprili 2024 watu milioni 12.2 walikuwa wamechanjwa kati ya milioni 14 waliolengwa. Umri uliopangwa ulikuwa mwaka 1 hadi 60. Aliyekuwa na miaka 61 alirudishwa nyumbani, na barazani kukazuka tafsiri mbili. Wengine walisema serikali imewatupa wazee. Wengine walisema serikali imekiri kimyakimya kwamba chanjo inaua. Zote mbili hazikulenga. Kampeni ni foleni. Muuguzi anachoma watu mia kadhaa kwa siku wala hana nafasi ya kumhoji kila mmoja kuhusu ini lake na vidonge vyake. Kwa walio chini ya 60, foleni inafaa. Juu ya hapo, kila mkono unahitaji mazungumzo kabla ya sindano, na mazungumzo hayafanyiki chini ya turubai penye watu mia tatu. Lawama yangu kwa waliopanga iko kwingine: foleni ilipofungwa, mzee hakuelezwa vya kutosha mlango wake uko wapi.

Je, mtu wa miaka 65, mzima, asiyewahi kuchanjwa, achanjwe? Hapa lazima tupime pande zote mbili za mizani, kwa maana wanaoogopa chanjo hupima upande mmoja. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani hukadiria kwamba katika wasafiri laki moja wasiochanjwa wanaokaa wiki mbili Afrika Magharibi maambukizi yanapoendelea, 50 wataugua homa ya manjano na 10 watakufa. Kumi dhidi ya mmoja au wawili: mizani inalala upande wa chanjo. Lakini hesabu hiyo ni ya Mzungu anayeingia ukanda wa ugonjwa. Mzee wetu anaishi ndani ya ukanda tayari, na anakokwenda, iwe India au Saudia, homa ya manjano haipo. Ukweli usiosemwa ni kwamba kadi inayodaiwa na India haimlindi mzee na India. Inailinda India na mzee. Nchi ile ina mbu wa aina inayobeba virusi, ina watu zaidi ya bilioni moja wasio na kinga, na ina haki ya kuhofu. Basi faida ya mwili kwa mzee haiko India. Iko hapa nyumbani atakaporudi. Na hapa si mahali pa kusema ugonjwa huu ni hadithi. Mwaka 2019 ulithibitishwa Koboko. Mapema 2020 ulithibitishwa Moyo na Buliisa, kisha Maracha. Mtu mwenye afya wa miaka 62 anayevuka mpaka mara kwa mara na kulala karibu na msitu ana sababu nzuri ya kuchanjwa, hata kama hatapanda ndege maishani. Mwenye miaka 79 asiyetoka mjini Arua, mizani yake inaning'inia katikati, na sitamlaumu kwa uamuzi wowote alioufikia baada ya kuongea na daktari.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, mzee apekue sanduku. Karibu taarifa zote za madhara yale makubwa ya ini na figo zilitokana na dozi ya kwanza maishani. Aliyekwisha kuchanjwa na mwili ukastahimili yuko upande salama, na tena hana haja ya kurudia. Zamani kadi iliisha baada ya miaka 10. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliamua mwaka 2014 kwamba ni ya maisha, na kanuni hiyo ikaanza kutumika tarehe 11 Julai 2016, hata kwa kadi zilizotolewa kabla. Kwa hiyo Hajji aliyekwenda Makka mwaka 1998 na bado ana kile kijitabu cha manjano kilichokunjwa, chenye jina lake, tarehe ya kuchanjwa, namba ya chanjo, saini na muhuri wa kituo, anashika karatasi yenye thamani kuliko anavyodhani. Aulizwe kwanza kama anayo, kabla ya kupelekwa kuchomwa upya kwa sababu tu kijana wa wakala wa safari amesoma kwamba kadi imeisha. Shida ya West Nile ni kwamba vita vya 1979 na 1980 viliwasukuma watu kwa maelfu kwenda Kongo na Sudan, na waliokimbia na sufuria hawakukimbia na kadi. Wengi wa rika hilo hawajui walichomwa nini kambini wala jeshini. Kovu la begani halisaidii: hilo ni la ndui, au la kifua kikuu. Asiye na karatasi anahesabiwa kuwa hajachanjwa, na dozi yake ipimwe kama ya kwanza.

Sasa tufike mahali ambapo kadi na mwili vinagongana uso kwa uso. Wazee wanaokwenda India wengi wao wanakwenda kutibiwa: figo, moyo, saratani. India ni kali kuhusu kadi. Anayetoka Uganda bila kadi halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, muda ambao ugonjwa huchukua kujitokeza baada ya kuumwa na mbu. Na ni wagonjwa haohao ambao chanjo hai haiwafai. Anayetumia dawa za saratani, aliyepandikizwa figo, mwenye maradhi ya tezi ya thaimasi, anayeishi na virusi vya Ukimwi huku kinga yake iko chini sana: hawa wote, kanuni za tiba zinasema wasichomwe. Waongezwe na mtu mmoja asiyejijua. Ni yule mzee anayenunua vidonge vya viungo katika duka la dawa, vile vidogo vinavyotuliza magoti ndani ya siku mbili na kumpa hamu ya kula. Mara nyingi ni prednisoloni. Ukivitumia kwa wingi na kwa muda mrefu vinashusha kinga, na chanjo hai huukuta mwili ukiwa na mlango ulioachwa wazi. Akiulizwa kituoni kama ana ugonjwa wowote atasema hapana, naye hatakuwa amedanganya.

Kwa watu wa namna hii Kanuni za Afya za Kimataifa zimeacha njia ya halali: daktari anaandika kwamba chanjo haifai kwa sababu ya kiafya, anatia saini na muhuri, na barua hiyo inabebwa pamoja na kadi. Afisa wa nchi ya kufikia anatakiwa kuizingatia, ingawa bado anaweza kumweka msafiri chini ya uangalizi kwa zile siku 6. Kwa hiyo ubalozi uulizwe kwa maandishi kabla tiketi haijalipwa, na siku hizo zihesabiwe katika bajeti ya chakula na malazi. Ni usumbufu, sikatai. Usumbufu huo ndio unaowasukuma watu kwenye njia ya tatu, ya kununua kadi isiyo na sindano. Wapo watakaoniambia: kama mpaka unataka karatasi na mwili hautaki chanjo, si mzee apewe karatasi tu, kila mtu afurahi? Hoja hii ina ujanja wake, ila inasahau nani mwingine anaitumia karatasi ileile. Mwaka 2016 homa ya manjano ilipozuka Angola, wafanyakazi 11 walirudi nayo China, nchi iliyokuwa haijawahi kuiona, ingawa kanuni ilikuwa inadai kila anayeingia Angola awe amechanjwa. Kadi ikishakuwa bidhaa haimlindi tena hata aliyechanjwa kweli, kwa maana afisa huacha kuiamini. Na anayezoea kuuza karatasi bila dawa hachelewi kuuza dawa bila dawa: mwaka 2021 hapa Uganda watu wasiopungua 800 walibainika kuwa walidungwa chanjo bandia za korona, baadhi yake zikiwa maji. Barua ya daktari ni ya kweli, kadi ya kununua ni uongo, na mzee aliyelala wodini ugenini akiulizwa historia ya chanjo zake anahitaji jibu la kweli kuliko alivyolihitaji uwanja wa ndege.

Safari ya Hija inageuza mizani upande mwingine kabisa, nayo inawahusu wengi wa Arua na Koboko, kwa vile mahujaji mara nyingi ni watu waliokwisha kulea na kusomesha ndipo wakaweka nia. Pamoja na kadi ya manjano, Saudia inadai chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne, A, C, W na Y, iliyochomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Cheti hudumu miaka 3 au 5 kulingana na aina ya dawa. Sharti hili liliandikwa kwa misiba. Mwaka 1987 aina ya A ilizuka kati ya mahujaji. Mwaka 2000 ikaja W, ikasafiri na mahujaji hadi makwao na kuwaambukiza wake, waume na watoto ambao hawakuwahi kuondoka nyumbani. Wala si mambo ya zamani tu: kati ya Aprili na Mei 2024 watu 12 waliugua Marekani, Uingereza na Ufaransa kwa ugonjwa uliotokana na Umra, wawili kati yao hawakusafiri, waliambukizwa na waliosafiri, na 9 kati ya hao 12 walijulikana kuwa hawakuchanjwa. Chanjo hii haina vijidudu hai. Uzee hauifanyi kuwa hatari, na sababu ya kuikwepa ni ndogo mno. Mtu anaweza kusema: tulichanjwa uti wa mgongo hapa West Nile mwaka 2017. Ni kweli, lakini ile ilikuwa ya aina A peke yake, na ilitolewa kwa wenye mwaka 1 hadi 29. Babu hakuwamo, na hata kijana aliyekuwamo haimtoshi kwa Makka.

Kuna pingamizi la imani, nalo lastahili jibu la heshima. Mja amekwenda kwa Mola wake, ajali yake imeandikwa, sindano ya nini? Wanaosema hivyo wakumbuke safari ya Khalifa Umar kuelekea Sham (Siria), tauni ya Amwas ilipokuwa imechachamaa. Alipofika Sargh akapewa habari, akashauriana na masahaba, akaamua kugeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake, linalojulikana na kila aliyesoma madrasa, lilikuwa kwamba anaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari yake nyingine. Na wanaodai chanjo leo ni watunzaji wa misikiti miwili wenyewe, ambao mwaka 2022, korona ikiwa bado, walifungia Hija walio na miaka 65 na zaidi. Mahujaji wengi hupata kikohozi kule, na kwa mzee kikohozi cha umati huteremka kuwa nimonia. Kwa hiyo chanjo ya mafua, na ile ya nimonia kwa anayeweza kuipata Kampala, namshauri mzee azitafute ingawa hakuna afisa atakayeuliza. Lakini hakuna chanjo ya jua: mwaka 2024 zaidi ya watu 1,300 walikufa katika Hija ya joto kali, na kwa mwenye shinikizo la damu mwavuli na maji vinaweza kuwa na uzito kuliko kila kilichoandikwa kadini.

Pingamizi ninalolipenda zaidi, kwa kuwa lina nusu ya ukweli, ni lile la mzee anayesema damu yake imezoea. Amekunywa maji ya mto tangu utoto, ugonjwa gani utamshangaza? Kuhusu homa ya ini aina ya A yuko sahihi. Watu wa rika lake hapa karibu wote waliipata wadogo, ikapita bila jina, ikawaachia kinga ya maisha. Kumuuzia chanjo yake ni kumla fedha. Mjukuu aliyezaliwa London akija Manibe likizo, yeye ndiye anayeihitaji. Kuhusu malaria damu ilizoea kweli, ila mazoea hayo hutaka kuumwa kila msimu. Mwenzetu aliyeondoka miaka ya themanini akarudi na miaka 68 kujenga nyumba ya uzee anarudi mgeni. Dawa ya kinga ameze kama Mzungu. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025 ni ya watoto wachanga. Homa ya manjano nayo haina mazoea: ama uliipata ukapona, ama hukuipata, na anayefikia hatua yake ya pili, ya macho ya manjano na kutapika damu, ana nusu ya nafasi ya kufa.

Halafu kuna pepopunda, ambayo hakuna mpaka duniani unaoiuliza. Mpango wa chanjo wa Uganda ulianza mwaka 1983. Aliyezaliwa miaka ya hamsini hakuchanjwa utotoni. Wanawake walichomwa pepopunda walipokuwa waja wazito. Wanaume je? Huenda wengi wao hawajapata hata dozi moja. Mzee anayepanda bodaboda kwenda Vurra, akaanguka akachunika goti kwenye vumbi la barabara, yuko katika safari ya hatari kuliko ya mwenzake aliyekaa kwenye ndege ya London, mji ambao hata kadi ya manjano hauitaki. Safari za Ariwara na Kaya hazina wakala, hazina viza, na kwa hiyo hazina mtu wa kumkumbusha kuhusu sindano. Ni za siku mbili, za miguu na pikipiki, kwenda mahali ambapo kituo cha afya kiko mbali. Kama ningelazimika kuchagua chanjo moja kwa wanaume wote wa Manibe waliopita sitini, ningechagua hii, na haina hata ukurasa wake kwenye kile kijitabu.

Limebaki suala la fedha. Kabla ya kampeni, kliniki binafsi zilitoza kama dola 27 kwa sindano ya manjano, takribani shilingi 100,000. Ruzuku ya wazee wa miaka 80 na zaidi ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Sindano moja ni miezi minne ya ruzuku hiyo. Mtoto anayenunua tiketi ya mamilioni anaweza kulibeba, mradi alihesabu mwanzoni badala ya kulikuta wiki ya mwisho. Tena muda wenyewe ni dawa: cheti cha manjano kinaanza kufanya kazi siku ya 10, na chanjo hai mbili zisizochomwa siku moja zinataka wiki nne katikati. Miezi mitatu kabla ya safari si mapema mno. Siku hiyo mzee abebe kadi zote za zamani, na dawa zote anazomeza zikiwa katika pakiti zake, zikiwemo zile za dukani na zile alizopewa na jirani, azimwage mezani mbele ya muuguzi ili zisomwe moja moja.

Akiambiwa arudi Alhamisi asione ananyanyaswa. Chanjo hii huja ikiwa unga mkavu chini ya kichupa, na maji yake pembeni. Mara nyingi kichupa kimoja ni cha watu kumi, na kikishachanganywa hakivuki muda wa saa 6. Muuguzi hawezi kukifungua kwa ajili ya mkono mmoja, hivyo hupanga siku. Msikiti wenye mahujaji wanne, parokia yenye mahujaji wa Yerusalemu watatu, familia yenye mama anayekwenda Toronto na mjomba wa India ambaye daktari ameshamruhusu, wakipatana siku moja wanakuwa tisa, na wa kumi huwa hakosekani. Asubuhi kichupa kinafunguliwa, kinatikiswa taratibu hadi unga uyeyuke, na kinachobaki adhuhuri kinamwagwa.